Mafundi, acheni kugonga beringi za nyuma kwa nyundo!

Wakuu, hili jambo linakera na tumelivumilia vya kutosha. Pikapu inaingia gereji na mvumo nyuma, inafungwa beringi mpya, baada ya muda mfupi mvumo uko palepale. Ukirudi unaambiwa "beringi zilikuwa feki". Feki zipo, sikatai, lakini nyingi zinauawa na nyundo siku ileile zinafungwa.

Beringi ya nyuma kwenye pikapu nyingi zenye difu zima (ekseli ya nyuma ya kipande kimoja) inakaa kwenye shafti, yaani chuma kinachozungusha tairi, kwa kubana, na nyuma yake kuna kola ya chuma. Inaingizwa kwa presi (mashine ya kukandamiza), bomba likikandamiza ringi ya ndani tu. Ukigonga ringi ya nje, nguvu yote inapita kwenye gololi na zinachimba vishimo kwenye njia yake. Kwa macho huvioni. Zungusha kwa kidole utahisi inakwama kwama, na barabarani ndio huo mvumo unaopanda na mwendo.

Na hiyo gesi mnayochomea kola ili itoke! Shafti imekomazwa kiwandani, ukiichoma inalainika. Kola itoboe kwa drili bila kugusa shafti, kisha ipasue kwa patasi. Hata ikitoka nzima, usiirudishe: ndiyo inayozuia shafti isichomoke pamoja na tairi. Tena bamba la breki (sahani inayobeba breki shuu) litangulie kwenye shafti kabla ya beringi. Likisahaulika, beringi mpya inang'olewa, na ikishang'olewa haifai tena.

Sili, ule mpira unaozuia oili ya difu isitoke, ndiyo inayofanyiwa uzembe mkubwa zaidi. Weka mpya, mdomo wenye springi uelekee difu, na uupake oili kwanza. Shafti ishikwe usawa kwa mikono miwili inapoingia; ikilalia sili, meno ya mwisho wa shafti yanauchana mdomo, na oili inashukia kwenye breki shuu. Halafu mtu anaziosha kwa petroli na kuzirudisha! Shuu zilizolowa oili hubadilishwa, kushoto na kulia kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande ukikanyaga breki.

Kabla ya kulaumu sili, angalieni tundu la kupumulia difu. Likizibwa na tope, difu likipata joto presha inasukuma oili nje hata kama sili imetoka dukani leo. Kulizibua ni kazi ya dakika chache, na bado halifunguliwi.