Naomba ushauri: mama niliyempima ana presha kali, kasema wa nyumbani wasijue

Mdodosaji_25
Wakuu habari za saa hizi. Nina kazi ya muda kwenye utafiti wa chuo kimoja hapa Moshi. Tunapita kaya kwa kaya huko Uru na vishikwambi, tunauliza watu wanatibiwa wapi na wanalipaje, kisha tunapima presha. Juzi kuna mama wa miaka 58, mashine ikasoma 192/114. Nikasubiri kidogo kama tulivyofundishwa, ikaja 188/112. Nikamwandikia karatasi ya rufaa. Akaikunja mara nne, akaisukumia chini ya chupa ya chai: "Baba, wa humu ndani wasijue." Fomu ya ridhaa inasema majibu ni siri. Nikimwambia mtu wa familia nitakuwa nimekosea? Matusi hapana.

Kifaru wa Kiboriloni
Kitunguu saumu na ndimu asubuhi kabla ya kula. Shemeji yangu leo anabeba magunia.

Mama Kihamba
Aende dirisha la wazee, ni bure.

Dogo_Himo
Dirisha la wazee ni kuanzia 60, tena asiyejiweza. Sisi tulikuwa na CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, elfu 30 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, ila zahanati yetu dawa za presha zikiisha unaandikiwa ukanunue duka la dawa. Sheria ya bima kwa wote imepita tangu 2023, haya.

Mzee wa Machame
Vijana, dodoso halijaanza leo. Mwaka 1992 ulianza mradi wa AMMP, wa kuchunguza magonjwa na vifo vya watu wazima, hapa Hai, Dar na Morogoro Vijijini. Msiba ukishapoa wanakuja kuuliza wafiwa: alianza kuumwa lini, mkono gani ulilegea, aliweza kuongea? Wengi walikuwa wanafia nyumbani, hakuna daktari aliyeandika chochote. Walipojumlisha, ikaonekana kiharusi kinaua watu wazima wetu kuliko hata Uingereza. Kwetu walikuja kwa habari za baba mdogo. Mama akawajibu yote, akawapa na ndizi za kubeba.

Binti Marangu
Pole na msiba wa zamani mzee. Mleta mada, wenye presha huko ni wengi. Kwa nini huyu mmoja ndiye anakunyima usingizi?

Mdodosaji_25
Dada umenibana. Ni mama wa mchumba wangu. Hanijui sura, binti anafanya kazi Arusha, posa ni mwezi ujao. Na nishamwambia binti ampeleke mama akapime. Sijataja namba wala dodoso, kwa hiyo siri nimeitunza.

Kifaru wa Kiboriloni
😂😂 Sasa presha ni ya mama mkwe au ya mahari?

Mama Kihamba
Hujatunza kitu. Binti akimuuliza mama, mama atajua imetokea wapi. Umeingia kwake kama mtafiti, umetoka kama mkwe.

Chai Jaba
Hii chai ina tangawizi. Machi ulifungua uzi wewe ni fundi simu Kijenge. Leo mtafiti Uru, na katika kaya zote ukaangukia ya mama mkwe?

Mdodosaji_25
Dodoso ni mkataba wa wiki chache, ukiisha narudi kwenye simu. Kaya zilichaguliwa na kompyuta. Nilishtuka tukiwa tunaorodhesha wanakaya, akataja jina la binti na mahali anapofanya kazi.

Chai Jaba
Hapo hapo ungefunga kishikwambi ukamwita mwenzako. Naendelea kunywa.

Nesi_Mstaafu
Iwe chai iwe uji, 188/112 haisubiri posa. Mpigie msimamizi wako, namba yake iko kwenye nakala ya fomu ya ridhaa. Aende mtu mwingine akaongee na mama taratibu, amuulize kinachomzuia: nauli, dawa, au kuogopa kuonekana mgonjwa. Binti ataambiwa na mama mwenyewe. Akiona kichwa kinauma vibaya, kifua kinabana, mdomo unakwenda upande au maneno hayatoki, habari ya zahanati iishe, ni hospitali kubwa, Mawenzi au KCMC, saa hiyo hiyo. Kitunguu saumu kiwekwe kwenye pilau.

Mdodosaji_25
Asante sana mama. Basi Jumatatu nitampigia.

Dogo_Himo
Jumatatu? Leo Jumatano mkuu.