Marseille: kwa nini bandari hii haikufa, na kwa nini meli zilihama Vieux-Port?

Mdau_wa_Pwani:
Wakuu, habari za wakati huu. Nasoma historia ya Marseille na kuna mambo yananitatiza. Wagiriki waliuanzisha mji ule mnamo mwaka 600 KK na hadi leo meli zinatia nanga. Lakini Narbonne na Aigues-Mortes, bandari za pwani hiyohiyo ya kusini mwa Ufaransa, zimebaki ndani ya nchi kavu. Marseille iliponaje? Halafu ukitazama picha za sasa, Vieux-Port, yaani bandari ya kale, imejaa mashua za starehe tu. Shehena iko kwingine. Walihama lini, na kwa sababu gani? Tena nimeona imeandikwa kwamba ufuta wa Zanzibar ulikuwa ukipelekwa huko. Ulikuwa wa kazi gani?

Nanga_na_Tanga:
Mkuu, jibu la kwanza liko kwenye mto Rhône. Mto huo unaingia baharini magharibi ya Marseille, na mkondo wa bahari kwenye pwani ile unakwenda kutoka mashariki kuelekea magharibi. Kwa hiyo tope la Rhône linasukumwa mbali na mji. Aigues-Mortes, ambako mfalme Louis IX aliondokea mwaka 1248 kwenda vita vya msalaba, iko upande linakokwenda tope, na njia zake za maji zikazibika. Narbonne nayo ilizibwa na mto wake wenyewe, Aude.

Vieux-Port, ambayo Wagiriki waliiita Lakydon, ni hori lililoingia kati ya vilima vya mawe ya chokaa, mdomo wake mwembamba ukitazama magharibi. Kilima cha kaskazini kinakinga mistral, ule upepo mkali wa baridi unaotoka kaskazini-magharibi. Jahazi likishaingia ndani limetulia.

Lakini usidhani hori lile halikujaa tope kabisa. Pembe yake ya ndani, upande wa kaskazini-mashariki, ilizibwa kidogo kidogo na taka za mji na udongo ulioletwa na mvua. Mwaka 1967, walipokuwa wakichimba nyuma ya jengo la Bourse (soko la hisa la zamani), walikuta gati la enzi za Warumi katikati ya nchi kavu. Leo pale ni bustani.

Kuna jambo jingine litakalomgusa msomaji wa pwani yetu. Katika uchimbaji wa 1992 na 1993 kwenye uwanja wa Jules-Verne, karibu na gati la kaskazini, ilipatikana mashua ya Kigiriki ya karne ya 6 KK ambayo mbao zake zilishonwa kwa uzi wa kitani. Aliyesoma habari za mtepe wa Lamu, ulioshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, ataifahamu kazi hiyo mara moja. Walitengeneza nakala yake, wakaiita Gyptis, na ilishushwa majini mwaka 2013.

Daftari_la_Forodha:
Naongezea kwa jibu la Nanga. Jiografia iliipa Marseille hori. Utajiri ulitokana na sheria. Machi 1669 Colbert, waziri wa mfalme Louis XIV wa Ufaransa, aliifanya bandari huru: bidhaa ziliingia bila ushuru mwingi wa kawaida, ila bidhaa za Levant (Syria, Misri, Uturuki) zilizoletwa Ufaransa kwa njia nyingine zilitozwa asilimia 20. Biashara karibu yote ya mashariki ya Mediterania ikaangukia Marseille.

Kwa kuwa meli za Levant ndizo zilizoleta tauni, mji ulikuwa na utaratibu mkali wa karantini. Nahodha alibeba hati ya afya kutoka kila bandari aliyopita. Hati zilikuwa za aina tatu: safi, ya shaka, na chafu. Hati ndiyo iliyoamua siku za kungoja na mahali pa kungojea. Meli zenye hatari zaidi zilitakiwa kukaa kisiwa cha Jarre, mbali na mji.

Tarehe 25 Mei 1720 ikaingia meli Grand-Saint-Antoine ya nahodha Chataud, ikitokea Saida, Tripoli ya Lebanoni na Kupro. Njiani walikufa abiria mmoja, mabaharia kadhaa na daktari wa meli. Kwa vifo hivyo, shehena yote ilipaswa kwenda Jarre. Badala yake vitambaa na pamba vilishushwa kwenye majengo ya karantini ya Arenc, jirani kabisa na mji. Sababu ni pesa: shehena ilitakiwa iwahi soko kuu la Beaucaire mwezi Julai, na mmoja wa wenye mali alikuwa Estelle, mkuu katika baraza la mji. Sheria ilikuwepo, wakaipinda. Viroboto kwenye vitambaa walifanya yaliyobaki.

Mji wa watu wapatao 90,000 ulipoteza karibu 40,000. Wachimba makaburi walipokwisha, walichukuliwa wafungwa wa merikebu za makasia. Tarehe 16 Septemba Nicolas Roze, ofisa aliyesimamia mtaa mmoja wakati wa tauni, aliwaongoza kwenye uwanja wa Tourette, ambako maiti zaidi ya elfu moja zilikuwa zimelala juani kwa wiki kadhaa, wakazitumbukiza ndani ya ngome za kale zilizokuwa tupu chini. Ilifanyika upesi sana, maana kila dakika pale ilikuwa hatari, na wengi wa wafungwa wale hawakupona. Wanastahili kukumbukwa pamoja na Roze.

Bohari_ya_Joliette:
Kuhusu kuhama: Vieux-Port ina urefu usiofika kilomita moja, na mlango mmoja tu. Kufikia miaka ya 1840 meli zilibanana ubavu kwa ubavu, na meli za mvuke zilihitaji kina na nafasi ya kugeuka. Sheria ya mwaka 1844 iliidhinisha bandari mpya ya La Joliette, kaskazini ya mji, nayo ikakamilika 1853.

Pale Joliette hakuna hori la asili. Walijenga ukuta wa kuvunja mawimbi baharini, sambamba na ufuko, kisha wakakata maji ya ndani yake kuwa mabeseni. Uzuri wa mpango huu ni kwamba unarefushwa tu: biashara ikikua, unaongeza ukuta na beseni jingine upande wa kaskazini. Mwaka 1863 bohari kubwa za Docks, zenye urefu wa mita 365, zilikuwa tayari, reli ikifika hapohapo. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa 1869, Marseille ilikuwa imejiandaa.

Mdau_wa_Pwani:
Shukrani sana wakuu. Bado ufuta.

Bohari_ya_Joliette:
Ufuta ni habari ya sabuni. Amri ya mwaka 1688 iliwataka watengenezaji watumie mafuta ya zeituni peke yake, bila mafuta ya wanyama, na wasipike Juni, Julai na Agosti kwa sababu joto liliharibu ubora. Karne ya 19 zeituni hazikutosha tena, viwanda vikageukia mbegu: karanga za Senegal, na ufuta. Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Ufaransa tarehe 17 Novemba 1844, na nyumba za biashara za Marseille kama Vidal na Rabaud zikanunua ufuta Zanzibar. Walitaka mbegu, si mafuta. Kukamua kulifanyika Marseille, na mashudu yakauzwa kuwa chakula cha ng'ombe na mbolea.

Tatizo ni kwamba mafuta ya ufuta peke yake hutoa sabuni laini kuliko ya zeituni. Mche hauwi mgumu na huisha haraka majini. Ndiyo maana yalichanganywa, na baadaye mafuta ya mbata na ya mawese yakaingia: mbata huleta ugumu na povu.

Upishi ni huu. Kilo 100 za mafuta ya zeituni hutaka takribani kilo 13.5 za kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni) safi iliyoyeyushwa majini. Vinachemshwa kwenye sufuria kubwa hadi viungane kuwa uji mzito. Kisha hutiwa maji ya chumvi: sabuni haiyeyuki kwenye chumvi nyingi, kwa hiyo inaelea, na maji yenye gliserini na kostiki iliyozidi yanashuka chini, yanatolewa kwa bomba. Chumvi ikiwa kidogo, havitengani. Hupikwa tena kwa kostiki mpya, huoshwa mara kadhaa, na mwisho hupewa maji matamu ili uchafu uzame. Ukikimbiza kuosha, kostiki inabaki na sabuni inaunguza ngozi. Ikishamiminwa na kuganda, hukatwa miche na kupigwa muhuri wa 72%, yaani sehemu ya mafuta.

Nanga_na_Tanga:
Tumalizie karne ya 20. Mitaa ya kale kaskazini ya Vieux-Port haikuangushwa na mabomu ya ndege. Januari 1943 Wajerumani, wakisaidiwa na polisi wa Ufaransa, waliwatoa wakazi wapatao 20,000, na kuanzia Februari majengo kama 1,500 yalilipuliwa kwa baruti. Wayahudi waliokamatwa siku hizo walipelekwa kambi ya Sobibor. Shehena ikahama mara ya pili miaka ya 1960 kwenda Fos, karibu na mlango wa Rhône, kwa sababu meli za mafuta zilihitaji kina na ardhi tambarare ambavyo mji haukuwa navyo. Joliette ilibaki na meli za abiria wa Corsica na Algeria.

Atakayefika, atembee hivi: bustani ya magofu nyuma ya Bourse, gati la kaskazini hadi Hôtel de Ville (jumba la baraza la mji) iliyosalimika mwaka 1943, apande Tourette, kisha ashuke hadi Docks. Ni mwendo wa saa moja na nusu, na unapita karibu kila karne iliyotajwa hapa.