MREJESHO: Zawadi ya mdogo wangu mpenda picha

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza nimnunulie nini mdogo wangu anayepiga picha kwa kujifurahisha tu. Ana kamera ya Canon 700D na lenzi ileile iliyokuja nayo, ya 18-55mm. Mimi akili yangu ilikuwa kwenye begi. Uliyesema "begi analo, kinachomkwamisha ni lenzi", Mungu akubariki.

Nilichukua lenzi ya Canon 50mm f/1.8 STM, Kariakoo. Kamera niliiazima kwa kisingizio cha harusi, nikaijaribu lenzi pale pale kabla ya kutoa hela, kama mlivyonishauri. Ya kwanza niliyopewa iligoma kufokasi, nikabadilishiwa.

Picha yake ya kwanza ni bibi anachambua mchele uani. Kope zinahesabika, kanga kwenye kamba nyuma yake zimeyeyuka zikabaki rangi tu. Bibi kashaagiza isafishwe.

Nilipochemka: kichujio cha kukinga lenzi nilinunua cha upana wa milimita 58, nimesoma kwenye lenzi ya zamani. Hii mpya inataka 49! Namba yenye alama ya duara lililokatwa mstari ndiyo ya kuangalia, na iwe ya lenzi husika. Bahati nzuri kimeingia kwenye 18-55.

Na uliyeonya kwamba kwenye kamera hii lenzi ya 50mm inakuwa kama ya 80mm, yaani inavuta karibu zaidi na kuona eneo dogo, ulisema kweli. Sebuleni dogo anarudi nyuma mpaka anagonga friji, na bado wajomba wawili wako nje ya picha.

Stendi ya kamera tumeiahirisha, mfuko umetoboka. Asanteni sana.