Mkataba wa servisi ya AC za nyumbani Kigoma, sh 540,000 kwa mwaka: unalipa?

Katubuka_Juu:
Wakuu, habari za muda huu. Naomba mawazo ya wenye ujuzi kabla sijasaini. Nyumba iko Katubuka, hapa Kigoma mjini. Ina AC tatu za ukutani: sebuleni BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) ya inveta, yaani inayobadilisha kasi yake yenyewe, yenye gesi ya R32, chumba kikubwa BTU 12,000 na chumba cha wageni BTU 9,000. Hizi mbili za mwisho si za inveta, zinatumia R410A. Ya chumbani inawaka karibu kila usiku, ya sebuleni jioni na mwisho wa wiki, ya wageni haifikishi siku 20 kwa mwaka.

Kampuni imeleta karatasi ya mkataba: sh 540,000 kwa mwaka kwa zote tatu, pesa yote inalipwa mwanzoni, wanakuja kila baada ya miezi mitatu. Wameandika "servisi kamili, ukaguzi wa gesi na kipaumbele wakati wa dharura". Gesi na vipuri havimo. Fundi wa kumpigia simu anaosha AC moja kwa 35,000. Je, huo mkataba una faida, au niendelee kuita fundi?

Koili_Safi:
Mkuu, weka hesabu mezani kwanza. Ziara 4 kwa AC 3 ni kuosha mara 12. Kwa bei ya fundi wako hiyo ni 420,000. Maana yake unawapa 120,000 zaidi kwa ajili ya "kipaumbele" na "ukaguzi wa gesi", maneno ambayo hayajaelezwa popote.

Halafu huhitaji kuosha mara 12. Ratiba ya kila miezi mitatu ina mantiki Dar na Tanga, ambako upepo wa bahari unaleta chumvi inayokula mapezi ya aluminiamu ya koili ya nje (vile vibati vyembamba vilivyopangwa kwenye mabomba yanayotoa joto). Tanganyika ni ziwa la maji matamu, kwa hiyo chumvi si tatizo letu. Sisi tunasumbuliwa na vumbi la kiangazi, Juni hadi Septemba, na unyevu wa masika unaozalisha ukungu kwenye feni ya ndani na ute kwenye bomba la maji. Panga servisi kwa kuangalia hayo mawili. Ya chumbani ioshwe mwishoni mwa Septemba, Februari na Juni. Ya sebuleni Septemba na Februari. Ya wageni mara moja inatosha, ila uiwashe dakika 20 kila mwezi. Jumla mara 6, yaani 210,000. Unabaki na 330,000 mkononi ya kununulia vipuri siku vikihitajika.

Kazi kubwa kuliko zote ni filta, na hiyo hakuna kampuni itakayokufanyia, kwa sababu haisubiri miezi mitatu. Kiangazi safisha kila wiki mbili, masika mara moja kwa mwezi. Zima, fungua uso wa mashine, chomoa filta, pitisha maji ukianzia upande wa nyuma ili vumbi litoke lilikoingilia. Ikiwa na mafuta ya jikoni tumia sabuni ya vyombo, maji yawe ya uvuguvugu. Anika kivulini, maana jua kali linapinda fremu ya plastiki, na filta iliyopinda inaacha mwanya wa vumbi kupita pembeni hadi kwenye koili.

Na fundi akija, simama naye. Kuosha ni kuzima breka, kufunika bodi ya umeme kwa nailoni, kufunga mfuko wa kukinga maji, kunyunyizia koili na ile feni ndefu ya mviringo, kisha kumwaga lita moja au mbili za maji kwenye sinia la chini na kwenda nje kuona yakitoka. Maji yasipotoka yote, bado hajamaliza. Kwa nje apige maji ya kawaida kutoka ndani kwenda nje. Ile mashine ya kuoshea magari ikikaribia mapezi inayalaza, hewa haipiti tena. Magadi soda na dawa ya kung'arisha nguo zisiguse aluminiamu, zinaitoboa polepole.

Volti_230:
Hesabu ya Koili_Safi naikubali, ila niongezee kuhusu huo "ukaguzi wa gesi", maana ndipo watu wanapolipishwa bure. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa miaka yote. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Kampuni inayoongeza gesi "kidogo" kila ziara inakuuzia kitu kilekile kila mara na tundu limebaki palepale. Isitoshe, kila unapofunga na kufungua mpira wa geji (kipima presha ya gesi) unapoteza gesi kidogo, na mashine ndogo ya R32 haina ya kupoteza. Bila dalili, geji zisifungwe kabisa.

Ukaguzi wa kweli unafanyika hivi. Weka rimoti nyuzi 16, feni juu kabisa, subiri dakika 15. Pima joto la hewa inapoingia juu ya mashine na inapotoka chini. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni nzuri. Ikiwa chini ya 6 na filta ni safi, kuna kasoro ya kutafuta. Kisha kwenye mashine ya nje upimwe umeme unaovutwa kwa klampu mita (kipima umeme kinachobana waya) na kulinganishwa na kibao kilichobandikwa ubavuni. BTU 12,000 isiyo ya inveta kwa kawaida inavuta ampia 4.5 hadi 5.5. Ikivuta zaidi sana, angalia koili ya nje kama imeziba au umeme kama ni mdogo. Ikivuta pungufu sana na haipoi, hapo ndipo ushuku gesi.

Cha tatu ni kapasita (kikopo kinachotunza umeme wa kuanzishia) ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi. Imeandikwa, tuseme, maikrofaradi 30, plasi au mainasi asilimia 5. Ikisoma 25, ibadilishwe leo, usingoje ife. Kapasita dhaifu inafanya kompresa ingurume bila kuanza, inapata moto, inajikata, inajaribu tena. Watu wanaambiwa "kompresa imekufa" wakati kilichokufa ni kikopo kinachoshikika kiganjani. AC izimwe kwenye breka na kapasita itolewe chaji kabla ya kuguswa, kwa sababu inatunza umeme hata baada ya kuzimwa.

Kama mkataba unasema namba hizi tatu zitaandikwa kwenye karatasi kila ziara na nakala unabaki nayo, una thamani. Ziara ya Februari ukiilinganisha na ya Septemba unaona mashine inavyochoka. Usiposema hivyo, unalipia kuoshewa tu.

Katubuka_Juu:
Asanteni sana. Kuna jambo sikulisema: hiyo ya chumbani sasa inapoa kwa shida. Nimeosha filta, hali ni ileile. Nje, lile bomba jembamba linashika barafu nyeupe karibu na nati, lile nene halipati hata jasho. Hao wa mkataba wamesema gesi imepungua, wataongeza kwa malipo ya pembeni nikishasaini.

Koili_Safi:
Barafu kwenye bomba jembamba peke yake, nene likiwa kavu na la joto, ni dalili ya gesi kupungua, hapo hawajakudanganya. Ingekuwa filta au feni chafu, barafu ingejaa kwenye koili ya ndani na mara nyingi kwenye bomba nene pia. Lakini wasiongeze kabla ya kutafuta tundu.

Anza na nati nne: mbili nje, mbili nyuma ya mashine ya ndani. Mashine ikiwa imezimwa, chukua sabuni ya vyombo na maji, koroga iwe nzito, paka kwa brashi laini kuzunguka nati yote, usiharakishe. Tundu kubwa linatoa mapovu papo hapo. Dogo linajenga povu jeupe dogodogo kama la maziwa baada ya dakika moja au mbili. Angalia pia kama kuna mafuta yenye vumbi lililoganda mahali fulani: gesi inapotoka inabeba mafuta ya kompresa, na vumbi letu linashika hapo. Hilo doa ni alama nzuri kuliko mapovu.

Mara nyingi kosa ni fleya, ule mdomo wa bomba uliotanuliwa. Umepasuka kwa kukazwa kupita kiasi, au haukukazwa vya kutosha. Nati ya robo inchi inataka Nm 14 hadi 18 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), ya inchi tatu kwa nane Nm 34 hadi 42, na kuna spana maalumu inayopima. Mdomo ukiwa umepasuka ukatwe na kutanuliwa upya, si kuongeza nguvu kwenye nati.

Baada ya kurekebisha, mfumo ujazwe nitrojeni psi 300 hadi 400 na uachwe saa kadhaa. Sindano ya geji isiposhuka, wavute hewa kwa pampu ya vakyumu hadi mikroni 500 (kipimo cha hewa iliyobaki ndani), na ibaki hapo pampu ikizimwa. Anayetoa hewa kwa kupuliza gesi kidogo anaacha unyevu ndani, unachanganyika na mafuta kuwa tindikali, na tindikali inakula nyaya za kompresa. Mwisho, R410A ipimwe kwa mzani kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibao, na iingie ikiwa kimiminika kwa sababu ni mchanganyiko wa gesi mbili nusu kwa nusu. Fundi asiye na mzani asiguse hiyo mashine.

Gungu_Mjini:
Nadokeza kidogo upande wa umeme, maana hakuna mkataba wa servisi unaogusa hapo. Hizo mbili zisizo za inveta zinahitaji kilinda volti chenye kuchelewesha dakika 3 hadi 5, cha ampia 16 au 20. Kile kidogo cha friji kinaungua. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, presha bado haijalingana ndani ya kompresa, inashindwa kuzunguka na inavuta umeme mara nne hadi sita ya kawaida. Na usiku volti zikishuka chini ya 200, ni bora AC ikae imezimwa. Wakati wa radi zima breka yenyewe, rimoti haitoshi. Mwambie fundi aangalie pia kama mijusi imeingia kwenye boksi la mashine ya nje. Mjusi mmoja juu ya bodi anatosha kuifanya shoti.

Lojingi_Ujiji:
Naona wote mnaukataa mkataba, mimi naomba tuutenganishe na mazingira. Kwa lojingi yenye vyumba 12, au duka la dawa lenye dawa zinazotakiwa kukaa chini ya nyuzi 25, mkataba unafaa kabisa. Huko AC ikikaa siku nne imekufa hasara inazidi bei ya mkataba, na bei kwa kila mashine inashuka zikiwa nyingi. Ila "kipaumbele" kiandikwe kwa saa: fundi afike ndani ya saa ngapi, na asipofika unarudishiwa kiasi gani cha pesa ya ziara hiyo. Vilevile Kigoma tuko mbali, bodi au mota ya feni ikitoka Dar kwa basi si jambo la leo na kesho. Kampuni yenye maana inataja vipuri inavyokaa navyo hapahapa mjini: kapasita, kontakta (swichi inayowasha kompresa), mota za feni za nje. Kampuni isiyo na hata kapasita kwenye rafu haina kipaumbele cha kumpa mtu.

Kwa AC tatu za nyumbani nami nasema usisaini karatasi hiyo kama ilivyo. Lakini angalia kadi za waranti. Waranti ya kompresa mara nyingi ni ndefu kuliko ya vifaa vingine, na baadhi ya watengenezaji wanadai rekodi za servisi. Kama yako bado ina muda, hakikisha kila anayeosha anakupa risiti ya EFD yenye namba ya AC yenyewe na tarehe. Hiyo rekodi unaweza kuwa nayo bila mkataba wowote.

Katubuka_Juu:
Nimewaelewa wote. Nimewapigia wale wa mkataba nikawaomba bei mpya: ziara mbili, Septemba na Februari, AC ya chumbani na ya sebuleni tu, namba tatu za Volti_230 ziandikwe, malipo baada ya kila ziara. Wamesema 40,000 kwa AC moja kwa ziara. Ya wageni na ile servisi ya Juni nitamwita fundi. Kuhusu uvujaji, wanasema pampu ya vakyumu wanayo, mzani hawana.

Volti_230:
Hapo ni 160,000 kwao na 70,000 kwa fundi, jumla 230,000. Hiyo 5,000 ya ziada kwa kila AC ni halali kama vipimo vitaandikwa. Uvujaji usiwape, tafuta fundi mwenye mzani na nitrojeni hata kama utasubiri wiki. Kwa sasa izime hiyo ya chumbani kabisa: kompresa inapozwa na gesi inayorudi kwenye bomba nene, na gesi ikiwa pungufu inajichoma yenyewe kila usiku unaoiwasha.