Mrejesho: vifuniko vya magurudumu ya nyuma kwenye Chevrolet ya 1951

Asanteni wakuu. Niliuliza kuhusu vifuniko vinavyoziba uwazi wa madigadi ya nyuma na kuficha sehemu ya gurudumu: nichukue vya chuma au vya faiba, na kama tairi zangu pana zingevigusa. Nimechukua chuma. Ni vizito, lakini vinakaa kwenye madigadi bila kucheza. Vile vya faiba nilivyojaribisha vilitaka kupigwa msasa mwingi pembeni ndipo vikae.

Tairi ndizo zilizokula muda. Aliyesema nipime gari likiwa chini, buti limejaa mzigo, Mungu ambariki: likiwa juu ya jeki, ekseli (mhimili unaobeba magurudumu) inaning'inia, gurudumu linashuka, na nafasi inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Nilibandika vipande vya udongo laini ndani ya kifuniko, nikapita kwenye matuta na kona kali. Udongo wa kushoto niliukuta umebonyea, yaani tairi inagusa, hivyo nimehamia tairi nyembamba zaidi. Kuna waliopendekeza ekseli ifupishwe ili magurudumu yaingie ndani. Kwa urembo tu? Hapana.

Mpira wa ukingoni nimeuweka kabla ya kufunga komeo linaloshikilia kifuniko, rangi isichubuke. Komeo ni la wenzo, kwa hiyo siku ya pancha kifuniko kitatoka bila spana. Imebaki rangi: weusi wa vifuniko na wa bodi haujalingana.