Wakaguzi wa dawa wanapita kesho, naombeni ushauri wa haraka

Mama Duka wa Nyanda (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nina duka la dawa muhimu kijijini huku mkoani Njombe, mwaka wa nne sasa. Nimenong'onezwa kuwa kesho wakaguzi wanapita. Naomba mwenye uelewa anieleze, hizi dawa za cheti, yaani za kutolewa kwa karatasi ya daktari, zinagawanywaje? Amoksilini ni ya cheti na naruhusiwa kuiuza, nyingine ni ya cheti vilevile na naambiwa ni marufuku. Nikikutwa na isiyoruhusiwa nikasema sikujua, nitaeleweka? Nina mkopo wa kikundi, usingizi hauji.

Kijana wa Famasi
Dada, dawa inaposajiliwa TMDA, ile Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, hupangiwa kundi lake: ya cheti, ya kuuzwa famasi chini ya mfamasia, au ya kuuzwa kawaida. Ninyi wa DLDM (duka la dawa muhimu) mmepewa za kawaida pamoja na orodha fupi ya zile za cheti: amoksilini, doksi, metronidazoli na nyingine chache. Iliyo nje ya orodha usiiweke, hata kama cheti cha mtoa dawa kinaning'inia ukutani. "Sikujua" haitakusaidia, maana orodha ulifundishwa. Una dawa gani?

Mzee wa Ruvuma
Vijana hamjui tulikotoka. Enzi za duka la dawa baridi, kwa sheria muuzaji alikuwa na dawa zisizo za cheti tu, lakini chini ya meza kulikuwa na kila kitu. Ndiyo maana mwaka 2003 huu mpango wa maduka ya dawa muhimu ukaanzia kwetu Ruvuma: wauzaji wafundishwe, halafu waruhusiwe dawa chache za cheti kwa uwazi. Marehemu mke wangu alikuwa na duka Namtumbo, alikaa darasani na mtoto mgongoni. Siku ya kupewa cheti alilia.

Mama Duka wa Nyanda
Asante mzee, Mungu amrehemu. Kijana, ni dawa ya bakteria tu. Boksi mbili za vichupa kumi kumi.

Kijana wa Famasi
Vichupa? Taja jina, dada.

Mama Duka wa Nyanda
Seftriaksoni, ya gramu moja. Kabla hamjanihukumu: zahanati iko mbali, usiku hakuna gari, na huku baridi inaua. Mzazi anagonga mlango saa 8 usiku, nimwambie nini? Na famasi za mjini wanaiuza bila kuuliza cheti. Kosa liwe langu peke yangu?

Mtumishi
Jirani akiiba, wewe umepata ruhusa ya kuiba? Afya za watu si biashara ya karanga. Tubu, uzifukie.

Kijana wa Famasi
Usifukie kitu, wala usitupe chooni! Dawa zina utaratibu wake wa kuteketezwa. Zitoe mwenyewe mbele ya mkaguzi kabla hajaziona. Na ujue sababu ya katazo. Shirika la Afya Duniani limeweka amoksilini kwenye kundi la antibiotiki za kutumika kwanza. Seftriaksoni iko kundi la kuchungwa, kwa kuwa vimelea vikiizoea, hospitali inabaki bila silaha.

Mbeba Boksi
Huku Uingereza hata parasetamo ina mipaka. Tangu 1998 pakiti ya duka la kawaida mwisho vidonge 16, famasi 32. Dawa ileile, idadi tu ndiyo inabadilisha mahali pa kuiuza. Nilipofika nilitaka pakiti sita za kutuma nyumbani, dada wa kaunta akaniuliza kwa upole kama niko salama. Nilikasirika. Baadaye nikaelewa kwamba wanazuia mtu mwenye huzuni asijimalize.

Muuguzi wa Zamu
Mwanzisha uzi, hiyo ni sindano. Nani anachoma?

Mama Duka wa Nyanda
Sijamchoma mtu. Zipo tu.

Jicho Kavu
Chai hii. Wakaguzi hawatoi taarifa. Huyu ni mwanafunzi anatafutiwa majibu ya kazi ya chuo. Naona hadi wazee wanalia humu.

Mzee wa Ruvuma
Mimi sijatunga, kijana. Niheshimu.

Mama Duka wa Nyanda
Jicho Kavu, aliyeninong'oneza ni ndugu yangu yuko kata. Nilizificha kwenye ndoo ya sembe. Unga umeingia chini ya vifuniko vya bati, na hapa nilipo nafuta kimoja kimoja kwa pindo la kanga. Nimemaliza vyote 17. Chuo gani kinafundisha hivi?

Muuguzi wa Zamu
Boksi mbili za kumi kumi ni 20. Vitatu viko wapi?

Muuguzi wa Zamu
Dada, bado upo?

Mama Duka wa Nyanda
Mtoto wa jirani. Miaka mitatu. Jana, juzi na leo. Homa inashuka inapanda. Mama yake nimemwahidi ya nne kesho asubuhi. Nilijifunza kuchoma kwa shangazi, mkono wangu ni mwepesi.

Muuguzi wa Zamu
Ya nne usichome. Amepimwa malaria? Hiyo sindano haigusi vimelea vya malaria. Na mwili ungeikataa dawa akavimba koo hapo dukani, una nini cha kumwokolea? Ananyonya? Anakunywa maji? Ana degedege?

Mama Duka wa Nyanda
Hajapimwa. Tangu jioni anatapika maji.

Muuguzi wa Zamu
Basi usingoje asubuhi. Tafuteni boda, mfunike vizuri, nenda naye kituo cha afya sasa hivi. Beba kichupa kimoja na karatasi yenye saa za sindano zote tatu. Waambie ukweli wote, wanauhitaji ili wamtibu.

Jicho Kavu
Naomba radhi. Kama ni kweli, nenda dada. Nauli ikipungua njoo kwangu pembeni.

Mama Duka wa Nyanda
Tumefika. Wamempima, malaria ipo, wamemtundikia dripu. Daktari ameuliza nani alichoma, nikasema mimi. Mama yake alikuwa amesimama hapo hapo. Hajanisemesha mpaka sasa.

Kijana wa Famasi
Kaa naye. Asubuhi nipigie, tuandike pamoja maelezo ya kumpa mkaguzi.