Mfumo wa vibali upo mtandaoni, mbona bila koneksheni hausogei?

Wakuu, nimeomba kibali cha kujenga fremu ya duka hapa Tandika, Dar, kontroo namba ikaja fasta nikalipa kwa simu, wiki ya tatu sasa inasoma "inashughulikiwa" tu, jirani kaomba juzi ana shemeji yake mule ofisini kapata kesho yake. Dijitali gani hii?

Jibu 1: Pole mkuu. Hela mfumo unapokea wenyewe, ila kuidhinisha kuna mtu anabonyeza, na huyo mtu ana wajomba.

Jibu 2: Na Sheria ya Serikali Mtandao ipo tangu 2019 😂 undugunaizesheni haijaisoma

Jibu 3: Sisi wenyewe ndo tunaanza, tovuti hatujafungua tushauliza "unamjua nani pale?"

Muuliza swali: Aisee kweli, mi hapa namtafuta huyo shemeji